Mwanamke Aliyefuata Mvua kwa Simu

Upepo ukigeuka mchana, shingo yangu bado inageukia mlango wake. Mlango huo sasa ni wa mtu wa chapati. Ameupaka rangi ya kijani na kuning'iniza pazia la shanga, na kila nikitazama huko ananiuliza, "Nikupe ngapi, nnyabo?" Namwambia leo sili. Sijamweleza kwamba simtazami yeye.

Tulimwita Afande. Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, na hapa Namuwongo upande wa chini, karibu na reli, hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Jina lake la kuzaliwa nililisikia mara ya kwanza alipokufa, binti yake aliponipigia simu. Ilibidi nimuulize ni nani huyo anayemsema.

Sikusoma sana, niliacha shule ya msingi kule kwetu Bukavu kabla sijaimaliza, kwa hiyo naandika mambo yanavyonijia.

Kwanza niseme kwa nini nilimhitaji. Nilikuja Kampala na mama yangu, na hapa Kampala kiharusi kikampata mama, miguu ikafa. Chumba chetu kiko bondeni, karibu na mfereji mkubwa unaoteremsha maji ya mji kwenda ziwani. Maji yakitoka kwenye mfereji, mtu mwenye miguu anakamata mtoto na sufuria anapanda kwenye tuta la reli. Mama alihitaji kiti, wanaume wawili wa kukibeba, na muda wa kuwatafuta wanaume hao. Kiti nilikuwa nacho. Wanaume walipatikana. Muda ndio Afande alionipa mimi, miaka yote ile.

Watu wengi hudhani mafuriko ya kwetu yanaletwa na mvua ya kwetu. Hata mimi nilidhani hivyo. Afande ndiye aliyenionyesha, siku za mwanzo, tukiwa tumesimama mbele ya mlango wake kwenye jua kali, ardhi kavu kabisa, na mfereji unapanda mbele ya macho yetu kama maziwa kwenye moto.

"Hii mvua ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Kisenyi," akasema. "Wao wanalowa, sisi tunazama. Ndiyo serikali ya maji."

Alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha redio cha polisi, kazi ya kukaa na kusikiliza vituo vyote vya mji vikisema kilichotokea, na kukiambia kituo kimoja habari zilizomjia kutoka kingine. Alipostaafu aliendelea na kazi ileile, ila badala ya wezi akawa anafuata mawingu. Alikuwa na watu wake. Koplo mmoja mstaafu alikuwa Nateete, amefungua duka la vifaa vya baiskeli. Mwingine Kawempe, mlinzi wa ghala. Kule ziwani, Ggaba, alikuwa na mama muuza samaki. Na Kisenyi alikuwa na mama wa matooke aliyekaa na mikungu yake karibu na daraja la mfereji. Huyo ndiye aliyekuwa wa maana kuliko wote.

Aliwapigia akiwa amesimama wima, mkono mmoja nyuma, kana kwamba wanamwona. Hakusalimia kwanza, na kwa mtu wa umri wake hilo lilikuwa jambo la kushangaza.

"Iko wapi? ... Inatembea ama imesimama? ... Upepo inapiga kutoka wapi? ... Sawa. Kaa hapo."

Kisha alikata, na baadaye sana, mvua ikishapita, aliwapigia tena mmoja mmoja kuwasalimia, kuuliza watoto, magoti, bei ya sukari. Salamu zake zote zilikuja mwisho. Koplo wa Nateete aliwahi kuja kumtembelea, akaniambia, "Huyu mwanamke, kama hujanyeshewa, hajui kama uko hai."

Mama wa matooke aliulizwa jambo moja tu: kama maji yameficha bomba linalopita chini ya daraja. Likionekana, tuendelee kupika. Likifichwa, maji yako njiani, na tunao muda wa kuivisha maharage yaliyolala kwenye maji, si zaidi.

Akishawasikia wote alitoka kwenye uchochoro wetu na kutoa amri. Alikuwa nazo tatu. "Anua" maana yake nguo zako zilizo kwenye kamba. "Inua" maana yake godoro, unga, viatu vya shule, vyote viwekwe juu ya matofali au vifungwe kwenye mbao za paa. "Hama" haikuhitaji maelezo. Hakutumia neno jingine, na hakuwahi kusema "labda". Ukimuuliza, "Afande, una hakika?" alikutazama mpaka ukaenda kuinua godoro lako.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, chote ni amri. Na hapa nitaeleza kwa nini mama hakumpenda mwanzoni. Sisi Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Mama alinilaza kwa Kiswahili, alimbembeleza marehemu baba yangu kwa Kiswahili. Lakini tulikotoka tulikimbia watu wenye bunduki, na mtu akisema "wewe, toka!" mama alikuwa anatetemeka midomo. Sasa anatokea mwanamke mrefu mwenye buti za mpira anasimama mlangoni anasema, "Mama. Kaa. Kula. Kwa nini haujakula?"

"Ni nani amemupa ruhusa ya kunikemea?" mama aliniuliza baada ya Afande kuondoka.

"Hakukemei, mama. Anakusalimia."

"Kwao wanasalimiana hivyo? Mungu awasaidie."

Ilichukua muda mama kuelewa kwamba Afande hakuwa na Kiswahili kingine. Upole wake ulipita kwenye maneno yaleyale ya amri kwa sababu ndiyo pekee aliyofundishwa. Alimletea mama uji wa mtama akasema "Kunywa." Alimkanda miguu iliyokufa kwa mafuta ya simsim ya kwao, akisema "Sikia. Sikia hapa." Mama alikuwa hasikii kitu, lakini alianza kumdanganya kwamba anasikia kidogo. Siku Afande alipokosa kuja, mama aliniuliza, "Polisi wangu yuko wapi?"

Nisimfanye malaika. Alikuwa na kinyongo kirefu. Mchungaji mmoja wa jirani aliwahi kusema kwenye mahubiri kwamba bondeni kuna mganga wa mvua, na Afande, ambaye alizaliwa katika nyumba yenye Waislamu na Wakatoliki na aliswali anapokumbuka, hakumsalimia mchungaji huyo tena. Alipomwona alivuka upande wa pili, hata kama ni kwenye tope. Neno mganga lilimuudhi kuliko tusi. "Mganga anajua peke yake," alisema. "Mimi naambiwa na watu."

Chumba chake kilikuwa vurugu, mifupa ya samaki wa paka wake kila pembe, naye ndiye aliyetukagua sisi kama tumeinua vitu vizuri. Watu wa harusi walikuja kumuuliza kama Jumamosi kutakuwa na jua, aliwafukuza. "Mimi sichungi jua," aliwaambia. Na mwanamke huyu aliyefuata mvua kuvuka mji mzima alikuwa anaogopa radi kama mtoto. Ikilia aliingia ndani, alifunika kioo kwa kanga, alivua bangili, na kupanda kitandani miguu juu, buti bado zimevaliwa. Ukimkuta hivyo alisema yuko kazini.

Fundi cherehani wa mlango wa pili, Muganda mwenye mdomo, ndiye aliyempa taabu zaidi. Asubuhi ya jua alimpigia kelele kutoka kwenye mashine yake: "Afande! Nguo zangu hazikauki kwa woga. Utaleta mvula leo?"

"Shona," alimjibu Afande. "Suruali ya mtu inangoja."

Sasa nifike kwenye siku mbaya. Ilikuwa mchana wa mawingu meusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Nateete wakasema inatembea. Kawempe wakasema upepo umegeuka. Mama wa Kisenyi akasema bomba limefichwa, halionekani kabisa. Afande akatoka akasema hama.

Tulihama. Fundi na mwenzake walimbeba mama kwenye kiti cha plastiki mpaka kwenye tuta la reli, tukaketi pale watu wote, na magodoro na kuku na televisheni zilizofungwa kwenye kaveera, mifuko ya plastiki. Tukangoja. Wingu lilifika Kibuli likapasuka kidogo, kisha likaelekea ziwani. Jua likatoka. Mfereji ulikuwa chini kama jana yake. Baadaye tulijua kwamba takataka zilikuwa zimeziba chini ya daraja la Kisenyi. Maji yalipanda pale tu, bomba likafichwa, na mama wa matooke alisema kweli alichokiona.

Lakini sisi tulikuwa tumeketi kwenye jua kali mpaka karibu jioni, mama juu ya kiti katikati ya watu kama bidhaa, na wale waliombeba wameenda kutafuta chai. Mama alihitaji kujisaidia. Nilimfunika kwa kitenge lakini haikufaa kitu, kila mtu aliona. Watoto walicheka. Mama hakulia. Alitazama mbele tu mpaka tuliporudi nyumbani.

Jioni ile fundi alimwimbia Afande kutoka mlangoni, "Afande wa jua! Afande wa jua!" na watu wakapokea wimbo. Afande alitoka. Nilidhani atapiga mtu. Badala yake alianza mlango wa kwanza wa uchochoro akapita nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba alisema maneno yaleyale: "Nilikosea. Nikisema tena, utoke tena." Alipofika kwa fundi, fundi alikuwa ameshaacha kuimba. Alipofika kwetu alimwambia mama maneno hayohayo. Mama akageukia ukuta.

Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu mpya. Zamani niliogopa maji. Sasa niliogopa kwamba maji yatakuja, Afande atasema, na mama atakataa.

Ikawa hivyohivyo. Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi, mvua ilitoka ziwani ikakutana na nyingine iliyotoka Nateete, na Afande akapita akisema hama. Walitoka nusu ya watu. Fundi alibaki kwenye mashine yake, lakini niliona hashoni, anasikiliza. Nikamwambia mama tuondoke.

"Siendi."

"Mama, maji yanakuja."

"Yaje. Nilishabebwa mara moja kama gunia la mahindi, nikajikojolea mbele ya watoto wa watu. Yakija yatanikuta nimelala kwangu."

Nilimbembeleza, nilimsihi kwa jina la baba. Maji yalikuwa yameanza kuingia chini ya mlango, yale meusi yenye harufu. Nikamwita Afande. Aliingia, buti zake zikipiga maji, akamtazama mama kitandani.

"Hama," akasema.

"Sihami," mama akasema.

Afande hakurudia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua buti moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya kabati, kisha akapandisha miguu kitandani kando ya mama.

"Wewe unafanya nini?" mama akamuuliza.

"Nakaa."

"Maji haya si ya mchezo. Toka, wewe!"

"Sitoki."

Hapo radi ikalia, ile inayotikisa mabati. Nilimwona Afande akifumba macho na mwili mzima ukaanza kutetemeka, meno yakagongana, na kitanda cha mama kikatetemeka pamoja naye. Hakuwa na kanga ya kufunika kioo. Bangili zilikuwa mkononi na hakuzivua. Ikalia tena. Aliushika mkono wa mama akawa ameukaza mpaka mama akasema "aai!"

Mama alimtazama. Sijui aliona nini. Najua tu kwamba mama yangu alilea watoto wengi, wake na wa wengine, na hakuwahi kuvumilia kumwona mtu akiogopa peke yake.

"Mwanangu," akaniambia, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya kiharusi, "ita wanaume. Mtoeni huyu mwendawazimu kabla hajafa kwa woga. Mimi mtanibeba nyuma yake, nimuone anatembea."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa amesimama nje akisikiliza yote. Walitoka hivyo: Afande mbele, pekupeku, buti mkononi, na mama nyuma juu ya kiti akimwambia, "Tembea. Usiangalie juu. Tembea." Ni yeye sasa aliyekuwa anatoa amri. Maji yalifika kwenye madirisha siku ile. Tulipoteza godoro na sufuria nzuri. Kwenye tuta, wale wawili waliketi chini ya turubai moja, wakigombana kama wake wenza.

Baada ya hapo Afande alianza kukohoa kikohozi kisichokwisha. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuja akamchukua kumpeleka kwake Kawempe, upande wa juu. Afande hakutaka. Alisimama mlangoni akiuambia mfereji maneno ya kilugha ambayo sikuyaelewa. Mama aliomba kitu kimoja, nimsogeze mlangoni amwone akiondoka, na Afande alipopita alimwambia, "Mama. Kula," akapanda gari. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Baadaye nilikuja kujua iliangukia ndani ya ndoo.

Mama alikufa msimu huo. Na habari, ilivyo mjini, zilitembea kuliko mvua, zikibadilika njiani. Zilifika Kawempe kwa mdomo wa mtu aliyeambiwa na mtu, hivi: yule mama wa Kikongo mwenye miguu mibovu amekufa siku ya mafuriko.

Binti alinitafuta mpaka akanipata kwa kupitia kwa fundi. "Dada, njoo," akasema. "Mama yangu hali chakula. Anasema kuna mtu amezama wakati yeye hayupo."

Nilikwenda siku iliyofuata. Nilimkuta kwenye kitanda karibu na dirisha, amekuwa mdogo, yule mwanamke mrefu, mifupa ya mabega inaonekana chini ya gauni. Hakunisalimia. Hilo lilinipa moyo kidogo.

"Maji ilimkuta?" akauliza.

"Hapana, Afande."

"Usinidanganye. Mimi si mtoto."

"Sijawahi kukudanganya."

"Sema yote."

Nikasema yote. Kwamba mvua ilianza mchana, na mimi nikampigia mama wa Kisenyi, kwa sababu namba yake nilikuwa nayo, nikamuuliza habari za bomba. Akasema limefichwa. Nikamwambia ashuke aangalie kama ni takataka. Akashuka, akasema si takataka, ni maji yanayokimbia. Nikampigia koplo wa Nateete, akaniuliza mimi ni nani, nikasema mimi ni wa Afande. Kisha nikaingia ndani nikamwambia mama tunahama, na mama hakubisha hata kidogo, aliuliza tu kitenge chake safi kiko wapi.

"Nani alimbeba?"

"Fundi. Kiti kilikuwa kimevunjika mguu. Alimbeba mgongoni, peke yake, mpaka kanisani."

"Yule?"

"Yule."

Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, binti akaja akamshika mpaka kikapita. Nikaendelea. Kwamba maji yaliingia chumbani kwetu na kufika juu ya kitanda, na kitandani hapakuwa na mtu. Kwamba mama alilala usiku ule kwenye godoro la kanisa, kavu, amefunikwa, akala ugali na samaki. Na kwamba alfajiri moyo wake ulisimama, moyo uliokuwa mgonjwa siku nyingi, kama daktari alivyokuwa ametuambia. Nilikuwa nimemshika. Sikumficha kwamba mama alikuwa na hofu kidogo mwishoni, kwa sababu alikuwa na hofu. Lakini haikuwa hofu ya maji.

Afande alijiinua kidogo kitandani. Alikuwa ananitazama kwa yale macho ya zamani, yale ya kukagua kama umeinua vizuri. Nilimwacha akague. Kisha alijiegemeza kwenye mto, akafumba macho, na kuunyosha mkono wake juu ya shuka mpaka ukapata wangu.

"Sema tena," akasema.

"Maji hayakumkuta, Afande."

"Tena."

"Hayakumkuta."

Nje kulikuwa na jua la saa tisa na watoto wanacheza mpira. Binti alileta uji, akaona, akauweka chini. Kila nilipodhani amelala, midomo ilisogea, na mimi nikasema tena.